Kama Tesla alimshinda Edison, mbona stima ya Ethiopia inafika Suswa kwa DC?

Dereva_wa_Narok:

Salamu wakubwa. Mimi naendesha matatu ya Narok–Nairobi, kwa hivyo pale Suswa napita kila siku. Kwa msiopajua, ukishaacha Maai Mahiu nyuma unaelekea Narok, minara ya stima inatokea kila upande. Kuna zinazotoka Olkaria kwa mvuke, kuna ile ya Loiyangalani inayoleta stima ya upepo wa Turkana, na kuna hii mpya ya Ethiopia.

Nimezikaribia mara nyingi hadi nimeanza kuzitofautisha. Ile ya Loiyangalani ina nyaya tatu kushoto na tatu kulia. Ya Ethiopia ina furushi moja la nyaya upande huu, furushi moja upande ule, basi, ukiondoa zile nyembamba za juu kabisa. Siku moja nikabeba abiria mbele, amevaa reflekta na buti za kazi, nikamuuliza. Akasema hiyo ni DC, yaani stima inayokwenda upande mmoja tu, kilovolti 500, inatoka Wolaita Sodo, zaidi ya kilomita elfu moja.

Shida ni kijana wangu wa shule. Amenionyesha video kwa simu. Wanasema kulikuwa na vita Marekani, Edison na DC yake, Tesla na AC yake, ile inayogeuka mbele na nyuma. Edison akaua hadi ndovu ili watu waogope AC. Mwishowe Tesla akashinda kwa sababu DC haiwezi kwenda mbali. Haiwezi kwenda mbali, na mimi naiona imetoka Ethiopia! Sasa nani amedanganya, abiria ama video?

Kijana_wa_Ubungo:

Mkuu, DC ni ya betri, redio na tochi. Huyo abiria kakupiga fiksi tu uache kumuuliza maswali. Tesla ndiye baba wa umeme wote tunaotumia, Edison alimuibia.

Fundi_Mstaafu:

Abiria yuko sahihi. Video ina ukweli nusu. Kijana wa Ubungo apunguze haraka.

Nimefanya kazi kwenye swichiyadi za msongo mkubwa mpaka nikastaafu, zamu za usiku nyingi kuliko za mchana, na hadithi hii imekuwa ikinikera tangu vijana wa mafunzo walipoanza kuja nayo kutoka kwenye simu zao. Inasimuliwa kama mechi ya Simba na Yanga: mmoja lazima ashinde, mwingine arudi nyumbani analia. Weka pembeni majina hayo mawili uangalie vifaa. Aliyeamua mambo ni kile chombo cha chuma kinachonguruma juu ya nguzo mtaani kwako. Transfoma, kifaa cha kupandisha na kushusha volti za AC. Kwenye video yako sina shaka hawakuitaja hata mara moja.

Twende na hesabu kidogo, ndugu dereva. Una kilowati 100 za kupeleka, tuseme mashine chache za kusaga na nyumba kadhaa. Ukizituma kwa volti 230, waya unabeba ampea 435. Ukizituma kwa volti 11,000, waya unabeba ampea 9. Joto linalopotea ndani ya waya linafuata mraba wa ampea, kwa hiyo kwa waya uleule tofauti ya upotevu ni zaidi ya mara elfu mbili. Mambo yote ya kusafirisha umeme mbali yamo hapo: pandisha volti kabla ya safari, zishushe mwisho wa safari, maana hakuna mtu wa kuchomeka pasi kwenye volti 11,000.

Edison aliwasha kituo chake cha Pearl Street, New York, Septemba 1882. DC, volti 110, moja kwa moja kutoka kwenye jenereta hadi kwenye taa. Kwa volti ndogo hivyo hakuweza kumfikia mteja aliye mbali zaidi ya kilomita moja na nusu hivi, labda anunue shaba ya kufilisi benki. DC yenyewe haikuwa na kosa. Ila wakati ule hapakuwa na kifaa cha kuipandisha volti na kuishusha, ambapo AC ilikipata miaka michache tu baadaye.

Sasa angalia miaka. Mfaransa Lucien Gaulard na Mwingereza John Gibbs walionyesha transfoma yao kwenye maonyesho ya Turin, Italia, mwaka 1884. Ilifanya kazi ila kwa matatizo, kwa sababu waliziunga kwa mfululizo. Ukizima taa huku, za kule zinabadilika mwanga. Mwaka 1885 wahandisi watatu wa kiwanda cha Ganz, Budapest, yaani Zipernowsky, Bláthy na Déri, wakafunga kiini cha chuma kikawa duara kamili na wakaunga transfoma zao sambamba. Hiyo ndiyo transfoma unayoijua leo, kanuni haijabadilika. Machi 1886 William Stanley akawasha taa za maduka ya Great Barrington, Massachusetts, kwa mfumo huo, kwa hela za George Westinghouse, mpinzani wa Edison kibiashara. Hataza za Tesla, yaani haki zake za uvumbuzi, zilitoka Mei 1888. Unaona? AC ilikuwa imeshapanda volti, imesafiri na imeshuka kabla Tesla hajaingia mlangoni. Gaulard mwenyewe alifariki 1888 katika hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Paris, na sijawahi kuona fulana yenye picha yake.

Simshushi Tesla. AC ya mwanzo ilikuwa na aibu moja kubwa: ilijua kuwasha taa tu, haikuwa na mota ya maana. Tesla akaleta mota inayozungushwa na uga wa sumaku unaozunguka wenyewe, bila brashi. Galileo Ferraris wa Turin alikuwa amefikia wazo hilohilo kwa njia yake na akalichapisha Machi 1888. Lakini mota iliyopo kwenye mashine ya kusaga ya kijijini kwenu, ya fezi tatu, yaani mikondo mitatu ya AC inayopokezana, yenye rota (sehemu inayozunguka) iliyofungwa vyuma kama kizimba, ni kazi ya Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, Mrusi aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya AEG, Berlin, mwaka 1889. Tesla na Westinghouse walianza na fezi mbili. Hata Niagara walifunga fezi mbili. Mwaka 1891 Dolivo-Dobrovolsky pamoja na Charles Brown wa kampuni ya Oerlikon walisafirisha umeme wa fezi tatu kutoka maporomoko madogo ya Lauffen hadi maonyesho ya Frankfurt, kilomita 175, na takriban robo tatu ya nguvu ikafika. Waliwasha taa elfu moja na kuendesha pampu ya maporomoko bandia pale uwanjani. Mimi ukiniuliza lini AC ilishinda, nitakuambia ni pale Frankfurt. Marekani walikuwa bado wanabishana.

Kuhusu ndovu. Aliitwa Topsy, aliuawa Coney Island Januari 1903. Wakati huo ule ugomvi ulikuwa umekwisha zaidi ya miaka kumi nyuma, na Edison alikuwa ameshapoteza usukani wa kampuni yake tangu ilipounganishwa na nyingine kuwa General Electric mwaka 1892. Hakuwepo. Kampuni yenye jina lake ilipiga filamu, ndipo uvumi ulipoanzia. Alichofanya kweli ni kibaya vya kutosha: mwaka 1888 aliruhusu maabara yake itumike kuua ndama na farasi kwa AC mbele ya waandishi, na mtu wake Harold Brown akahakikisha kiti cha kwanza cha umeme kinatumia jenereta ya Westinghouse. Mfungwa William Kemmler aliuawa nacho Agosti 1890, na ilibidi wawashe mara mbili.

Sasa DC imerudije? Kuna Mswisi, René Thury, ambaye hakukubali kabisa kwamba imekufa. Aliunga jenereta nyingi za DC kwa mfululizo, volti zikajumlishana, na kuanzia 1906 laini yake ikawa inapeleka umeme kutoka Moûtiers milimani hadi Lyon, karibu kilomita 200. Ilifanya kazi mpaka 1936. Mashine zilizosimamishwa juu ya vihami, brashi za kubadilisha, wahudumu wanatembea kwa tahadhari, mateso matupu. Lakini umeme ulifika.

Aliyemaliza kazi ni Msweden, Uno Lamm wa kampuni ya ASEA, mjini Ludvika. Enzi za kazi nilipelekwa huko kwa mafunzo ya swichigia, na wenyeji wetu walilitaja jina lake jinsi sisi tunavyotaja jina la mganga aliyeponya kijiji. Tatizo lilikuwa hili. Unaweza kugeuza AC kuwa DC kwa vali ya zebaki: chombo kisicho na hewa, zebaki chini, umeme unaruka kama radi ndogo upande mmoja tu. Kwa volti ndogo inakubali. Ukipandisha volti, ile radi inaanza kurudi nyuma, na ikirudi nyuma unapata shoti ya kufa mtu. Lamm akapata hataza mwaka 1929 ya kuweka vipande vya chuma katikati ya njia ile ili volti igawanyike hatua kwa hatua. Wazo la mwaka mmoja, kazi ya miaka ishirini na tano. Mwaka 1954 wakawasha kebo ya kupita baharini kutoka bara hadi kisiwa cha Gotland: megawati 20, kilovolti 100, kilomita kama 100, waya mmoja tu, umeme unarudi kupitia maji ya bahari. Miaka michache baadaye ikaja thairista, kipande cha silikoni kinachofanya kazi ileile bila zebaki. Gotland haohao wakaanza kuzitumia 1970. Ukipita Suswa ukaona lile jengo refu lisilo na madirisha, ndani zimepangwa thairista, ambazo bado tunaziita vali.

Kwa hiyo kanuni ya 1885 ni ileile. DC ilipopata kifaa cha kupanda na kushuka, ikasafiri. Na ikishasafiri inaishinda AC, kwa sababu laini ya AC ni kapasita ndefu, kama tangi la chaji: inajazwa na kumwagwa mara 100 kila sekunde, na ampea za kuijaza hazimfikii mteja. Kadiri laini inavyorefuka ndivyo inavyojihudumia yenyewe zaidi. DC unaijaza mara moja unapoiwasha, imekwisha. Ndiyo maana ukaona mafurushi mawili, chanya na hasi, badala ya matatu au sita. Minara myembamba zaidi, njia nyembamba zaidi ya kufyeka.

Tena kuna faida ya pili ambayo kwa Kenya na Ethiopia naiona ni kubwa kuliko ya kwanza. Ukiunganisha gridi mbili kwa AC, zinalazimika kuzunguka pamoja, hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde) ya huku iende hatua kwa hatua na hezi 50 ya kule. Mmoja akiyumba, anamvuta mwenzake. Kwa DC kila mmoja anazunguka kivyake, na kiasi kinachovuka kinapangwa kwa amri ya kompyuta. Laini yenu imejengwa kwa hadi megawati 2,000. Walianza Novemba 2022 na 200.

Gharama ipo kwenye vile vituo viwili vya kugeuza, huku na huku. Ni ghali mno. Kwa laini ya nguzoni inabidi uvuke kilomita 600 mpaka 800 ndipo DC ianze kulipa. Ndiyo maana bwawa la Julius Nyerere, pamoja na megawati zake 2,115, linapeleka umeme Chalinze kwa AC ya kilovolti 400. Safari ni fupi.

Na mwisho kwa kijana wa Ubungo: New York waliendelea kuuza DC ya kizazi cha Edison kwa majengo ya zamani yenye lifti. Mteja wa mwisho alikatwa Novemba 2007.

Kijana_wa_Ubungo:

Shikamoo mzee. Naondoka taratibu.

Dereva_wa_Narok:

Mzee shukrani sana, nimesoma mara mbili nikiwa stage nangoja watu wajae. Kijana amesoma pia, anasema mwalimu hatakubali hayo ya Tesla.

Nina lingine. Hizo laini zinapita Marsabit na Samburu juu ya manyatta za watu. Wao hawana stima. Mama anakaa chini ya kilovolti 500 na anawasha koroboi. Si wangewachomolea kidogo tu?

Mtu_wa_Kolwezi:

Jambo wote. Ndugu dereva, sisi huku Kolwezi tunaijua DC mbele yenu. Laini ya Inga inaishia hapa kwetu, kilomita 1,700, iliwashwa 1982, na kwa miaka mingi hapakuwa na ndefu kuliko hiyo duniani kote. Iliwekwa kuleta umeme wa mto Congo kwa migodi ya shaba. Inapita Kasai yote juu ya vijiji na hakuna hata taa moja inatoka mule. Na sisi wenyewe hapa mjini, karibu na kituo, tunakula delestaji, kukatiwa umeme kwa zamu, kila juma.

Wazee wetu wanasema ilikuwa siasa: serikali ya Kinshasa ya wakati ule ilitaka mkoa wetu wa Katanga utegemee swichi iliyo mbali. Mzee, ni ufundi unakataza kuchomoa pale katikati, ao ni watu hawapendi?

Fundi_Mstaafu:

Vyote viwili, na wewe wa Kolwezi unajua siasa ya kwenu kuliko mimi, kwa hiyo nitabaki kwenye ufundi.

Kuchomoa DC katikati inawezekana. Waitalia wana laini ya DC kutoka Sardinia hadi bara, inapita kisiwa cha Corsica, na mwaka 1988 Corsica ikachomolewa megawati 50. Lakini angalia ni kiasi gani: megawati 50, mahitaji ya mji. Ili uchomoe unajenga kituo kamili cha kugeuza chenye vali za kuhimili volti zote za laini, hata kama unachotaka ni kilowati 200 za kijiji. Vihami ni vilevile, jengo ni lilelile, mitambo ya kupoza vali ni ileile. Bei haishuki kwa sababu wateja ni wachache. Kwa fedha hizo unaweza kuipelekea Marsabit sola na betri kijiji kwa kijiji na bado ukabakiwa.

Ila wasije wakatuambia kwamba DC ndiyo iliyowanyima. Laini ya AC ya kilovolti 400 nayo haichomolewi na fundi mwenye ngazi. Inataka kituo chake cha kupoza umeme, yaani cha kushusha volti, na hicho nacho ni mabilioni. Tofauti ni kwamba AC inakuruhusu kukijenga pale unapoona mji umekua. Laini ya Isinya hadi Singida iliyowashwa Desemba 2024 ni AC, karibu kilomita 500, inapita Namanga na Arusha, na sababu mojawapo ni hiyo, kwamba njiani kuna watu wa kuhudumiwa. DC ni basi la moja kwa moja. Waliochora laini ya Wolaita Sodo hadi Suswa walichagua vituo viwili, na mama wa manyatta hakuwa kwenye mchoro. Anayetaka kumpelekea umeme lazima aandike bajeti nyingine kwa jina lake huyo mama. Kulaumu waya hakumsaidii.

Kuhusu wazee wa Kolwezi, nitasema hivi tu. Kwa umbali wa kilomita 1,700, hata mhandisi asiye na siasa yoyote angechagua DC. Alichochagua mwanasiasa ni kuleta umeme wa mbali badala ya kuongeza wa karibu, kwa sababu Katanga ilikuwa na mito yake na mabwawa yake tayari.

Mpemba_wa_Wete:

Assalaam alaykum mzee wangu. Nimefaidika sana, lakini hapo kwenye kebo ya Gotland umenigusa. Sisi Pemba tunaletewa umeme kwa kebo ya baharini kutoka Tanga tangu mwaka 2010, kilomita sabini na kitu. Unguja nao wanapata kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Nimesoma sehemu kwamba baharini DC inaanza kufaa kilomita 50 tu. Mbona zetu zote ni AC? Tumepewa ya bei poa?

Fundi_Mstaafu:

Wa alaykumu salaam. Hamkupewa ya bei poa. Swali lako ni zuri, na hesabu yake ni tamu, vumilia.

Kebo ni kapasita kubwa zaidi ya laini ya nguzoni, kwa sababu chuma na maji viko sentimita chache tu kutoka kwenye shaba. Chukua kebo ya kawaida ya kilovolti 132 yenye uwezo wa kushika chaji wa mikrofaradi 0.2 kwa kilomita. Kwa hezi 50 inakula karibu ampea 5 kwa kila kilomita ili kujijaza. Kilomita 37 au 38 za kufika Fumba ni ampea 180 hivi. Inavumilika. Fanya safari iwe kilomita 100, unafika ampea 480, na hapo kebo imejaa kabla mteja hajawasha feni.

Yenu ya Pemba ni ndefu zaidi, lakini ni ya kilovolti 33. Volti ikishuka, ampea za kujaza nazo zinashuka: ampea 1.2 kwa kilomita, kilomita 75 zinatoa 90 hivi. Mzigo wa Pemba ni megawati chache, kilovolti 33 inatosha kuubeba, na ukiweka rieakta pwani za kumeza ule mkondo wa kujaza, mambo yanakwenda. Vituo viwili vya kugeuza kwa mzigo ule vingekuwa ghali kuliko kebo yenyewe. Ile kilomita 50 uliyoisoma ni kwa kebo kubwa za volti kubwa. Siku Pemba ikihitaji megawati mia kadhaa, swali lako litarudi mezani na jibu linaweza kuwa jingine.

Kinachonisumbua zaidi kwa visiwa si AC wala DC. Ni kuwa na kebo moja tu. Unguja walikaa gizani miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010, na wakati huo aina ya umeme haikumsaidia mtu.

Sola_Geita:

Mzee, mimi nafunga sola huku Geita na naomba kupingana kidogo. Paneli DC, betri DC, taa za LED ndani yake DC, simu DC, televisheni inageuza ndani kuwa DC. Sisi katikati tunaweka inveta igeuze AC, halafu chaja ya mteja igeuze tena DC. Kila kugeuza kuna hasara. Kwa nyumba mpya ambazo hazina nguzo ya umeme karibu, Edison alikuwa sahihi. Tufunge DC nyumba nzima, inveta tuachane nayo.

Fundi_Mstaafu:

Kwa taa na simu, nakubaliana nawe kabisa, na wenye vile vifaa vidogo vya sola vijijini wanafanya hivyo tayari. Kwa nyumba nzima, hapana.

Kwanza ni ileile hesabu ya mwanzo. Mteja wako atanunua blenda ya wati 1,000. Kwa volti 12 hiyo ni ampea 83. Waya wake ni mnene kama kidole na bei yake itamfanya akuchukie. Edison kwa volti 110 alishindwa kuvuka kilomita moja na nusu. Wewe kwa volti 12 utashindwa kutoka sebuleni hadi jikoni.

La pili ndilo lililonifanya nijibu usiku huu. AC hupita sifuri mara 100 kwa sekunde. Sakiti breka ikifunguka na cheche ikawaka katikati, cheche inapata nafasi ya kufa mara 100 kila sekunde. DC haina sifuri. Cheche ikishika, inashika, hasa kwenye mnyororo wa paneli wenye volti mia tatu, mia nne. Nimeona breka za AC zimefungwa upande wa paneli, fundi anasema "ampea ni zilezile". Ampea ni zilezile, moto ndio tofauti. Breka inaweza kukaa miaka bila tatizo kwa sababu hakuna aliyeizima jua likiwa kali.

Hata wakubwa jambo hili liliwatesa. Ilibidi kufika mwaka 2012 ndipo kampuni ya ABB watangaze breka ya DC ya msongo mkubwa inayokata ndani ya milisekunde 5, mchanganyiko wa silikoni na swichi ya kawaida. Miaka 130 tangu Pearl Street.

Kwa hiyo ukienda dukani, geuza breka usome ubavuni. Ya DC imeandikwa volti zake za DC, au ina alama ya mstari ulionyooka wenye vidoti chini yake. Kisha tazama kama imewekwa alama ya chanya na hasi. Baadhi zinajali upande: ndani kuna sumaku inayosukuma cheche kwenda mahali pa kuzimia, na ukiifunga kinyume sumaku inaivuta cheche irudi ndani.

Dereva_wa_Narok:

Sasa mzee, kama breka ya DC ni kazi hivyo, pale Suswa radi ikipiga laini wanaizima na nini?

Fundi_Mstaafu:

Na thairista zilezile. Laini yenye ncha mbili tu haihitaji breka ya DC. Kompyuta ikihisi shoti, inaziamuru vali zigeuze volti kinyume, mkondo unaisha ndani ya muda mfupi sana, wanasubiri kidogo hewa ipoe pale ilipopiga radi, kisha wanapandisha tena. Likikataa, breka za upande wa AC ndizo zinazokata, na hizo ni za kawaida. Shida ya kweli inaanza ukitaka kuunganisha laini za DC tatu, nne, ziwe gridi. Hapo huwezi kuzima zote kwa sababu moja imepigwa na radi, unataka kukata ile moja tu. Ndipo kile kifaa cha 2012 kinapohitajika, na bado ni ghali.

Ukimbeba tena yule wa reflekta, muulize upande mmoja ukiharibika wanapeleka nusu ya umeme kwa furushi lililobaki au wanazima yote. Kiufundi nusu inapita, mkondo unarudi kwa ardhi. Ningependa kujua wao wanafanyaje.